Makombo ya Futari: Jaani au Jikoni?

(Mhadhara kwa vijana na wazazi)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Kila Ramadhani tunasikia mihadhara juu ya nia, juu ya fadhila za Laylatul-Qadr na juu ya zakatul-fitri. Hayo ni maneno ya kheri na hatuyachoki. Lakini leo naomba tuzungumzie kile kinachobaki kwenye sinia watu wanaposimama kwenda kuswali Magharibi. Maganda ya ndizi na ya maembe. Tambi zilizomwagika. Mbaazi robo bakuli. Mahamri yaliyoumwa mara moja yakaachwa. Vyote hukusanywa ndani ya mfuko mmoja pamoja na vikombe vya plastiki na chupa za maji, mdomo wa mfuko ukafungwa, na kijana mmoja akaambiwa, "Hebu peleka nje." Sisi huona kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza.

Mada yetu ni biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na vitu vinavyooza mahali pasipo na hewa. Wengi tukisikia jina hilo tunafikiria ng'ombe wa bara na samadi. Hata makombo ya jikoni hutoa gesi, tena kilo kwa kilo hutoa nyingi kuliko samadi. Ila kuna sharti moja, na sharti hilo ndilo hasa lililonifanya nisimame mbele yenu.

ISRAFU KWANZA

Kabla ya mtambo, tuseme ukweli. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na papo hapo tukakatazwa kupita mpaka. Katika Suratul-Israa, aya ya 26 na ya 27, wabadhirifu wamehesabiwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tonge likianguka tuliokote, tuliondoe uchafu na tulile, tusimwachie shetani. Ikiwa tonge moja lina heshima hiyo, sufuria nzima ya pilau iliyochacha ina hesabu gani?

Kwa hivyo mtu asije akasema, "Pikeni tu sana, kitakachobaki kitakuwa gesi." Hiyo ni hila, na Mwenyezi Mungu hadanganyiki. Chakula kinachoweza kuliwa kiliwe. Kibaki kiporo cha daku, kipelekwe kwa jirani, apewe mlinzi wa usiku. Kisichofaa binadamu lakini kinafaa mbuzi na kuku, wapewe mbuzi na kuku. Mtambo upate kile ambacho hakina mlaji: maganda, machicha ya nazi, majani ya mboga, matunda yaliyooza, wali uliochacha. Na hivyo navyo ni vingi, si ndiyo? Hata mama mwangalifu kuliko wote hawezi kupika ndizi na maganda yake.

MFUKO UNAKWENDA WAPI?

Sisi wa Mombasa tunalijua jaa la Kibarani. Kwa miaka mingi kila aliyeingia kisiwani kwa njia ya Makupa alipokewa na harufu yake, na ng'ambo ya pili ya takataka hizo ilikuwa bahari. Mwaka 2018 jaa hilo lilifungwa na takataka zikaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Tulishukuru, pua zetu zikapumzika. Lakini Mwakirunge nako kuna watu, kuna watoto, kuna wanaoswali. Tulichofanya ni kuhamisha harufu kutoka mlangoni petu hadi mlangoni kwa mwengine. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyo kwa Bukhari, amekana imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake.

Mambo haya si ya harufu peke yake. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa takataka wa Kiteezi, pembezoni mwa jiji la Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafunika nyumba zilizokuwa chini yake. Zaidi ya watu 30 walifariki. Walikuwa watu na familia zao nyumbani, wakafukiwa na vitu ambavyo wengine walivitupa na kuvisahau.

Na humo ndani ya jaa, bila ya sisi kuona, ile gesi tunayoizungumzia inatoka. Zaidi ya nusu ya takataka za miji yetu ni vitu vinavyooza. Vikishafukiwa, hewa haivifikii, na vinapooza hutoa methani. Methani ikipanda angani huzuia joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa, ukipima kwa uzito ule ule katika muda wa miaka 100. Jaani pia gesi hiyo hushika moto, na plastiki ikaungua pamoja nayo, moshi ukaingia majumbani. Gesi ni ile ile. Ikiwa ndani ya tangi inapika uji. Ikiwa ndani ya jaa inaunguza mapafu ya mtoto.

GESI HUTOKAJE?

Mwaka 1776 Mwitaliano Alessandro Volta, yule ambaye jina lake tunalitumia tukisema "volti", alikoroga matope ya ziwa kwa fimbo, akakusanya mapovu yaliyopanda, akaona kwamba yanawaka. Ile ilikuwa methani. Mtambo wa biogesi ni matope yale yaliyowekwa ndani ya tangi.

Vinavyofanya kazi ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vinapokezana kama watu wanaopitisha ndoo za maji. Kundi la kwanza huvunja chakula, yaani wanga, protini na mafuta, kuwa vipande vidogo. Kundi la pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi. La tatu huifanya asidi hiyo kuwa siki pamoja na hidrojeni na hewa ya ukaa. La nne, ambalo ndilo la pole zaidi na lenye kudhurika upesi, hutoa methani. Hewa ikiingia ndani ya tangi, kundi hili la mwisho hufa. Ndiyo maana tangi lazima lizibwe barabara.

Gesi inayopatikana huwa na methani baina ya asilimia 50 na 70. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni hewa ya ukaa, na kidogo ni mvuke wa maji na gesi yenye harufu ya yai bovu. Vijidudu hivi hupenda joto, na vizuri zaidi ni kama nyuzi 35. Ulaya hulazimika kupasha matangi moto. Sisi wa pwani jua tumepewa bure.

HESABU YA MSIKITI MMOJA

Tuseme msikiti wenu unafuturisha, na jiko lake pamoja na nyumba chache za jirani hutoa kilo 20 za maganda na makombo kwa siku. Tani moja ya mabaki ya chakula hutoa kiasi cha mita 100 za ujazo za gesi, zikipungua kama maganda ni mengi kuliko chakula. Basi kilo 20 zitatoa kati ya mita moja na nusu na mita 2 za ujazo kila siku. Jiko la sahani moja hutumia kama thuluthi moja ya mita kwa saa. Hiyo ni saa nne hadi sita za moto, inatosha uji na maharagwe na chai juu yake.

Ukilinganisha na gesi ya mtungi, mita moja ya ujazo ya biogesi ni sawa na takriban nusu kilo, au pungufu kidogo. Kwa mwezi mzima wa Ramadhani, msikiti huo utaokoa kama mitungi 4 ya kilo 6. Mtu atasema, "Mitungi minne tu?" Naam, minne tu. Sikuja kuwauzia ndoto. Lakini ongeza na hili: kilo 600 za uozo hazikupelekwa kwa watu wa Mwakirunge mwezi huo, na tope linalotoka kwenye tangi ni mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, chakula kizuri kwa mchicha na mipapai.

Ukubwa wa tangi nao ni hesabu. Kilo 20 za mabaki, zikatwe ndogo ndogo na kuchanganywa na lita 20 za maji, zinakuwa lita 40 kwa siku. Zikikaa ndani siku 40 zinahitaji nafasi ya lita 1,600. Ongeza nafasi ya gesi, na ongeza nyengine ili vijidudu visilemewe, utafika kama lita 3,000. Matangi ya maji ya plastiki tunayoyaona juu ya nyumba hutumika. Huko Pune, India, taasisi ya ARTI ilibuni mtambo wa aina hii kwa ajili ya makombo ya jikoni: matangi mawili, moja limefudikizwa ndani ya jengine, la juu linapanda gesi ikijaa na kushuka ikitumika. Mtambo huo ulipata Tuzo ya Ashden mwaka 2006.

VIJIDUDU HAVIFUNGI

Hapa ndipo mitambo mingi hufa, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Tangi si jaa jengine. Ni kama mnyama wa kufuga. Linataka chakula kidogo kila siku, cha aina moja au inayokaribiana. Ukilinyima wiki mbili, linazimika. Ukilishindilia siku moja makombo yote ya walima ya kilo 200, asidi inazidi, kundi lile la nne linakufa, na badala ya gesi unapata harufu.

Kwa hivyo tangi la Ramadhani halianzishwi Ramadhani. Lijazeni samadi mbichi ya ng'ombe na maji mwezi wa Rajab, ili vijidudu vizaliane. Katika Shaaban anzeni kulilisha makombo kwa kiasi, kilo moja, kisha mbili, mkiongeza polepole. Ramadhani ikiingia litakuwa limekomaa. Na baada ya Idi, misinia ya futari ikiisha, kubalianeni na hoteli ya jirani na wauza mboga wa mtaani liendelee kupata riziki yake.

Kuna vitu halivitaki. Makumbi na vifuu vya nazi, kokwa za maembe na mifupa havioozi kwa muda unaotakiwa. Maganda ya ndimu na machungwa yakiwa mengi yanaua vijidudu, na msimu wa sharubati tunayo mengi. Maji ya sabuni na dawa za kuondoa madoa ni sumu kwake. Achari yenye chumvi kali pia iepukwe. Na plastiki, hata kipande cha mfuko, huziba mabomba.

JE, NI NAJISI?

Swali hili wazee wataliuliza, na wana haki. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, samadi ya kila mnyama ni najisi, hata ya anayeliwa. Wenzetu Wamaliki na Wahanbali wanaiona ya mnyama anayeliwa kuwa tohara. Kisha kuna mlango wa istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake kikawa kitu chengine. Wahanafi wameupanua mlango huo, Mashafi wameubana wakautaja kwa mambo machache, kama mvinyo unaogeuka siki wenyewe. Mimi si mufti. Waulizeni masheikh wenu kabla ya kununua tangi, na muwaeleze sawasawa: makombo ni ya chakula tohara, samadi ilitiwa mwanzoni tu kama chachu, na methani ikiwaka hutoa hewa ya ukaa na mvuke wa maji.

Ila kwa tope linalotoka tusifanye mchezo. Lichukuliwe kama lenye najisi, na anayelishughulikia awe na nguo zake za kazi na anawe kabla ya swala. Na mkitaka kuliuza kama mbolea, muulizeni sheikh pia, manake katika madhehebu yetu kuuza najisi kuna maneno.

TAHADHARI

Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 inaweza kulipuka. Tangi liwekwe nje, palipo wazi, mbali na jiko, na asikaribie mtu na sigara. Mabomba yapimwe kwa povu la sabuni, panapovuja utaona mapovu. Gesi ya siku za mwanzo iachwe itoke bila ya kuwashwa, kwa sababu imechanganyika na hewa. Ile gesi ya yai bovu ni sumu, na hula vyuma. Gesi ipitishwe kwenye chombo chenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zilizoshika kutu, ili ipungue. Na mtu asiingie ndani ya tangi kwa hali yoyote, hata kama anaona limekwisha. Fundi naye apanue tundu la jiko, kwa kuwa biogesi ni dhaifu kuliko ya mtungi na tundu lile dogo halitoshi.

MJI MZIMA UNAWEZA?

Unaweza. Huko Indore, India, mwezi wa Februari 2022 ulizinduliwa mtambo uliojengwa kupokea tani 550 za takataka mbichi za mji kwa siku, na kutoa takriban kilo 17,000 za gesi ya kuendeshea magari pamoja na tani 100 za mbolea. Mabasi ya mji ni miongoni mwa yanayotumia gesi hiyo. Kwetu Kenya, Naivasha kulijengwa mtambo wa umeme wa zaidi ya megawati 2 ulioanza kazi mwaka 2015, ukitumia masalio ya mazao ya shamba.

Sasa angalieni vinafanana wapi. Masalio ya Naivasha yametoka shambani yakiwa safi, hayana chupa wala nepi. Na Indore, kabla ya mtambo, watu walizoezwa miaka kadhaa kutenganisha takataka majumbani mwao, na gari la taka linazichukua zikiwa mbalimbali. Hilo ndilo lile sharti nililolitaja mwanzo. Shida ya mji wetu si ukosefu wa matangi. Mtambo wa mamilioni ukiletewa mfuko wetu ule, wenye mbaazi, vikombe na betri za rimoti pamoja, utaziba kabla ya mwaka kwisha. Mtambo unaanzia jikoni kwa mama, kwenye ndoo mbili.

Sheria nayo imeshasema. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapotoka. Mtu ataniambia, "Nikitenganisha, gari la taka litazichanganya tena." Ni kweli, mara nyingi hutokea hivyo, na kaunti tuidai wajibu wake. Lakini tangi la msikiti halingoji gari la mtu. Ukitenganisha leo, kesho asubuhi makombo yako yako ndani ya tangi.

TUANZIE WAPI?

Ndugu yangu unayesoma, usingoje mfadhili. Ramadhani hii fanya jambo moja: weka ndoo mbili, moja yenye mfuniko kwa vinavyooza, moja kwa vengine. Nyumbani kwako, na kwenye futari ya msikiti. Pima ndoo ya kwanza kila usiku na uandike kilo zake kwenye daftari. Baada ya siku 30 mtakuwa na vitu viwili ambavyo pesa hazinunui: mazoea, na hesabu ya kweli. Mkiona kilo ni nyingi kwa sababu ya wali na mahamri, punguzeni mapishi, hapo mmeshafaidika kabla ya tangi. Mkiona ni maganda na machicha, basi tangi lenu lina chakula.

Na mkilipata, lifanyeni waqfu, na waqfu una msimamizi. Andikeni zamu: nani analisha Jumatatu, nani anatoa tope Ijumaa. Mara nyingi mtambo huzinduliwa kwa picha na hotuba, mwaka wa pili ukabaki pango la mijusi, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amelisha. Watoto wa madrasa wafundishwe kazi hii mapema. Kuondoa chenye kuudhi njiani tumefundishwa kuwa ni katika matawi ya imani. Aliyezuia uozo usifike njiani wala mlangoni kwa jirani, tunatarajia ana fungu lake katika hilo.

Namuomba Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na swala zetu, atuepushe na israfu, awarehemu waliotangulia, na awape afya watu wote wanaoishi kando ya majaa yetu. Yaliyo sawa katika niliyoyasema yanatoka Kwake, na yenye upungufu ni yangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhan Karim.